Mikate Iliyong'atwa Kona

Vijana wa ofisi yetu ya maendeleo hapa Same mlikuwa mkiniita Mama Slesi, mkidhani sijui. Nilijua tangu mwanzo na sikuona ubaya. Katika miaka yangu ya kazi nimefunga mikate mingi kuliko barua, na mikate ndiyo iliyofika ilikotumwa. Sasa nimestaafu. Nina meza, nina kalamu, na nina miguu isiyotaka tena kupanda milima, kwa hiyo nitawaandikia kazi yenyewe ilivyokuwa. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu. Mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa msichana wa Ngujini, kule Ugweno, nimetoka mafunzo ya bibi maendeleo: kushona, kuogesha watoto, kuchimba choo, na mapishi. Kitabu cha mapishi tulichopewa kiliandikwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekwisha kurudi kwao. Somo la tisa lilikuwa sandwichi. Kata mkate mweupe slesi nyembamba, kilisema, paka siagi, panga vipande vya tango lililomenywa, funika, kisha kata maganda ya mkate pande zote nne uyatupe. Chini kabisa kilisema kwamba anayehudumia asile pamoja na wageni, asimame pembeni mpaka wote watosheke. Sentensi hiyo niliipigia mstari kwa wino mwekundu. Ningejua itakuja kunifanya nini, ningeichana.

Nilipangiwa Mamba, Pare ya Kusini. Nilipanda kwa miguu na sanduku la bati kichwani, ndani yake mna kisu cha mkate chenye meno, ubao wa kukatia, mikate miwili na matango matano. Mimi ni Mgweno, Chasu changu, lugha ya Wapare wa kule, kilikuwa cha kubahatisha, hivyo nilifundisha kwa Kiswahili na wanawake wakanicheka kwa Chasu. Tulikaa barazani kwa kanisa la Kilutheri, wanawake kama ishirini, nami nikaanza somo la tisa kama lilivyoandikwa.

Nilipofunika sandwichi ya kwanza, mama mmoja mnene aliyekaa mbele aliinua mkono. Huyo alikuwa Mama Elieshi, mjane, mwokaji wa mikate ya misheni tangu ujana wake.

"Mwanangu, mkate huu ulikuwa mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaukata."

"Ndiyo, mama."

"Sasa unaufunga tena uwe kama ulivyokuwa. Hiyo kazi ya katikati ilikuwa ya nini?"

Baraza zima lilicheka, na mimi nikacheka kidogo kwa adabu. Lakini nilipokata maganda na kuyasukuma ukingoni mwa ubao ili niyatupe, kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja aliinuka, akayakusanya yote kwenye kanga yake na kurudi kukaa. Tangu siku ile sijakata ganda la mkate.

Mama Elieshi ndiye aliyenifundisha kazi, kitabu kilinipa jina la kazi tu. Alioka kwa sufuria nzito: mchanga mkavu chini, vijiwe vitatu juu ya mchanga, kopo la unga juu ya vijiwe, kifuniko, kisha makaa juu ya kifuniko. Joto alilipima kwa kiganja na hakuwahi kuunguza. Hamira ikikosekana alitumia machicha ya dengelua, pombe yetu ya miwa, na mchungaji akila mkate ule na kuusifu tulitazama chini. Yeye ndiye aliyeniambia jambo ambalo ningependa mlikumbuke kuliko yote: "Chakula ni kile cha katikati. Mkate ni mikono tu." Maana yake, ukiwa na mkate huhitaji sahani, huhitaji kijiko, huhitaji moto saa ya kula, na mtoto mwenye mikono michafu anashika jani unalomfungia.

Basi tukaacha matango, tukaanza kutafuta vya katikati. Maharage yaliyopondwa na kitunguu, tangawizi mbichi iliyoparuzwa na ndimu. Parachichi na karanga zilizotwangwa, chumvi kidogo. Ndizi mbivu, karanga na pilipili kichaa. Msikunje uso kabla hamjajaribu. Makande ya jana yaliyopondwa na kukaangwa kwa kitunguu tuliyatia pia, na aliyesema ni wanga juu ya wanga nilimjibu kwamba Mpare asiyeona makande siku mbili huanza kuulizwa anaumwa nini. Siri ni moja. Paka karanga slesi zote mbili kwanza, ndipo utie kitu chenye maji, la sivyo hadi mchana umebeba uji.

Nilikaa Mamba miaka kadhaa, nikaolewa, nikazaa. Kisha vikaja vijiji vya Ujamaa, nikateremshwa tambarare, kwenye kijiji kipya chini ya milima, upande wa Ndungu. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, na watu walikuwa wa kila namna: Wapare walioshuka, Wanyamwezi na Wabena waliotoka kwenye mashamba ya mkonge, na Wamaasai waliopita asubuhi na vibuyu vya maziwa. Kengele ilikuwa kipande cha reli. Ikigongwa, kina mama walikwenda shamba la pamoja na kurudi alasiri, na watoto wao, thelathini na tisa, walibaki kwangu katika nyumba ya watoto wadogo. Kuni zilikuwa mbali na maji mbali zaidi. Kabla sijafika, watoto wale walipewa uji saa nne, basi, mpaka jua lizame.

Kati yao alikuwepo Nambua. Alikuwa na miaka minne, nywele nyekundu na nyepesi, miguu imejaa, uso mzito. Hakuwa akilia. Mliosoma mnajua, ni unyafuzi. Mganga wa zahanati alimtazama akaniita pembeni.

"Huyu sina sindano yake," alisema. "Anataka maharage, karanga, samaki, maziwa, kila siku ya Mungu. Akiendelea hivi mpaka vuli, usinipe lawama."

Niliamua pale pale kwamba Nambua hatakufa mikononi mwangu. Sikuwa na mamlaka ya kuamua jambo kama hilo, lakini niliamua. Niliomba unga wa ngano kwa mgao, nikajenga jiko la sufuria kama la Mama Elieshi, na baada ya wiki mbili nikawa tayari. Siku ya kwanza nilitwanga perege wa kukausha, wa bwawani Nyumba ya Mungu, nikachanganya na nyanya na vitunguu, nikafunga mikate thelathini na tisa, vizuri, kingo zimebanwa. Nikavaa aproni. Nikagawa, kisha nikasimama pembeni, mikono nyuma, nisile, kama ilivyoandikwa.

Nambua alilelewa na bibi yake, Bibi Nakijwa. Mama yake alikuwa amefariki, na baba alikwenda kutafuta kazi ya mkonge huko Tanga asirudi. Bibi Nakijwa alikuwa mzee wa kutokwenda shamba, akishinda mlangoni pangu amekaa kwenye kigoda. Alimwona mjukuu wake anauma mkate. Aliinuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza, akatia kidole kinywani mwa mtoto, akachokoa kila kipande, akakitupa nje. Akambeba mgongoni akaondoka. Hakunitazama.

Kesho yake walikuja watoto kumi na mmoja. Keshokutwa, sita. Niliwaita wanakijiji wale washamba, mara nyingi moyoni na mara moja kwa sauti, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Naandika hili ili msidhani nilizaliwa na busara. Kabla ya wiki kwisha nikaletewa ujumbe kutoka juu: nyumba yenye watoto sita si nyumba ya watoto, mwisho wa mwezi ifungwe, unga upelekwe kijiji kingine. Na Nambua alikuwa ndani ya kibanda cha bibi yake, anakunywa uji mtupu wa mahindi.

Nilimtumia salamu Mama Elieshi. Alishuka kwa lori la mazao, na kikapu cha tangawizi mapajani. Alikaa akanitazama nikiwalisha wale sita waliobaki, nimesimama na aproni yangu.

"Wewe umekula?" aliniuliza.

"Bado, mama. Nitakula wakimaliza."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Ni adabu."

Alivuta pumzi. "Mgeni akija kwenu Ugweno, dengelua mnampaje?"

"Mwenyeji anaonja kwanza, ndipo anampa kibuyu."

"Anaonja kwa sababu gani?"

Jibu alilijua kila mtoto wa Upare: anaonja ili mgeni ajue hamna kitu ndani.

"Kibuyu kina mdomo, mtu anaweza hata kuchungulia," alisema Mama Elieshi. "Wewe umewapa watoto wa watu chakula kilichofungwa juu na chini, haionekani umetia nini, halafu unasimama unawatazama wakila. Na hukuuliza mama wa mtoto yule alikufaje."

Kweli sikuuliza. Kijiji kizima kilijua, yeye aliambiwa kwenye lori tu, na mimi mwenye daftari la majina nilikuwa sijui.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Bibi Nakijwa na sandwichi moja kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimekuja kula kwako."

Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nilikaa chini. Nikaufunua mkate aone maharage, nikaufunika, nikang'ata kona, nikatafuna, nikameza. Kilichobaki nikakiweka karibu yake, nikakaa kama nusu saa, nikaaga. Nikiwa njiani niligeuka, nikamwona akimtupia kuku.

Siku ya pili nilirudi. Kuku alikuwa mzima, anaparua. Sote wawili tulimtazama. Nikafunua, nikafunika, nikang'ata. Kuku akala tena. Siku ya tatu vilevile, na ya nne. Mume wangu aliniuliza kama serikali imeniajiri kufuga kuku wa watu. Nilimjibu kwamba nitakwenda mpaka kuku yule ashindwe kutembea kwa unene. Miguu ya Nambua ilikuwa imejaa zaidi, ngozi imeanza kupasuka, na kila nilipotoka pale nilikuwa na hofu kwamba kesho nitakuta matanga. Niliendelea kwenda.

Siku ya sita bibi aliinama juu ya mkate wangu. "Hicho cheusi ni nini?"

"Tangawizi, bibi. Nimeiunguza. Kosa langu."

Akacheka kidogo, akampa kuku.

Siku ya nane aliniambia mwenyewe. "Binti yangu alikula kwenye harusi," alisema. "Sahani ilifunikwa kwa sahani. Aliyeileta hakuonja. Alisimama tu, kama ulivyosimama wewe. Siku ya tatu tukazika."

Vitabu vyote nilivyosoma vilinitoka kichwani. Nilisema, "Nisamehe, bibi."

"Sikulaumu. Lakini mkono wako siujui." Alimtazama Nambua aliyelala kwenye mkeka. "Kesho usilete kilichofungwa. Leta mkate na vitu vyako. Nitafunga mwenyewe."

Nilipeleka slesi, maharage, karanga, nyanya na mchicha, vyote kwenye bakuli zilizo wazi. Aliviangalia akavisukuma kando. Akaingia ndani, akatoka na perege aliyebanikwa, mweusi kwa moshi wa mekoni, na parachichi alilotumiwa na ndugu zake wa milimani. Akaponda samaki, akaponda parachichi, akavichanganya, akanyunyizia maji ya ukwaju. Rangi ilikuwa ya matope na harufu ilikuwa ya dari la jiko. Katika kazi yangu yote sijaona kitu cha katikati kibaya kuliko kile, nami nimekwisha kuonja mengi. Akafunika, akampa mtoto. Nambua akauma. Akatafuna polepole sana. Akauma tena, mpaka nusu ya mkate ikaisha.

Nikauliza, "Bibi, mbona wewe hukuonja?"

Alinishangaa. "Huyu ni wangu. Watu wa nyumba moja hawaonjeani."

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Bibi Nakijwa alirudi na kigoda chake mlangoni, na Nambua mgongoni, na kijiji kilipomwona kikarudi. Kila asubuhi kabla ya reli kugongwa niliweka bakuli wazi mezani, nikafunga mikate kina mama wakiona, na kila mmoja nikakata kona nikaila. Mwanzo nilitumia kisu. Mama mmoja akasema kisu huweza kuwa na upande salama na upande mwingine, basi nikatumia meno. Wenzangu wa afya mtanisamehe. Kona thelathini na nane kila siku ndizo zilizokuwa chai yangu ya asubuhi, na ndizo mnazoziona kiunoni mwangu. Wa thelathini na tisa ulikuwa wa Nambua. Huo aliufunga bibi yake, na haukung'atwa.

Unga wa ngano uliadimika baadaye, kama mnavyojua miaka ile ilivyokuwa. Hatukufunga. Tulikata ugali wa jana slesi nene tukaukaanga juu ya bati, katikati tukatia mtindi uliochujwa usiku kucha kwenye kitambaa safi, na mchicha. Tulichemsha viazi vitamu tukavipasua kwa urefu, tukatia karanga na kisamvu. Aliyeniambia hiyo si sandwichi nilimpa akala, akaomba nyingine.

Kabla ya hayo, mwisho wa mwezi ule niliopewa, mkaguzi mmoja alikuja kuona kama nyumba ile inastahili kuendelea. Alikuta sinia limejaa mikate, kila mmoja una alama ya meno.

"Bibi maendeleo," aliniita kwa ukali, "mna panya hapa?"

"Hapana, bwana. Ni mimi."

Akahesabu, akafika kwenye ule mmoja mzima. "Na huu hukuupenda?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaomba apewe mmoja. Niling'ata kona nikampa. Aliitazama ile alama, kisha akala wote. Nyumba haikufungwa.

Miguu ya Nambua ilipungua uvimbe. Nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye shina. Lakini siku niliyojua amepona ni siku mvulana mmoja alipompokonya mkate wake, naye akalia kwa sauti ya kusikika hadi shambani, akamrudishia kofi. Bibi Nakijwa alinitazama kutoka kwenye kigoda, nami nikamtazama. Vuli ilikuwa imekwisha kuanza.

Nilihamishwa tena, nikapita vijiji vingi, na kila nilipofika niliuliza kwanza nani amekufa na amekufaje, ndipo nikafungua sanduku. Mkipenda, hiyo ndiyo iwe badala ya lile somo la tisa. Mchanganyiko wowote utakaowafundisha watu kufanya majumbani, hata uwe mzuri namna gani, si chakula bado mpaka afunge mtu ambaye mlaji anaujua mkono wake. Na kama ni lazima ufunge wewe, basi kula kwanza, kula mbele yao, na rudi kesho.

Juzi mlinifanyia sherehe ya kuniaga pale uwanjani kwa ofisi. Mliona keki, mkasikia hotuba, ndefu kuliko ilivyostahili. Huenda hamkumwona mwanamke aliyeegemeza baiskeli kwenye uzio akasubiri watu watawanyike. Alikuwa ametoka Ndungu, analima mpunga huko na mumewe, na ana watoto watatu. Bibi yake alikwisha kufariki. Nilimjua kwa paji la uso, lilikuwa lile la bibi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nambua."

Alifungua kitambaa, ndani mna jani la mgomba, ndani ya jani mna mkate. Niliisikia harufu ya moshi na ukwaju kabla sijauona. Kwa mazoea ya miaka yote ile niliugeuza, nikatafuta. Kona zote nne zilikuwa nzima.

"Nambua," nilimwambia kwa kumtania, "umeniletea bila kuonja?"

Alinishangaa, vilevile kabisa kama bibi yake alivyonishangaa.

"Kwani wewe ni mgeni, mama?"

Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi nikaula wote, na maganda yake, huku machozi yakinitoka. Ulikuwa mbaya vilevile.